Meza Zote Upande Mmoja

Mimi ndiye niliyeandika lile tangazo. Watu wa mtaani wanasema sherehe ilianza na Mwalimu, na ni kweli, wazo lilikuwa lake. Lakini mwandiko ulikuwa wangu, na mstari wa nne ni mimi niliyeuandika kwa kalamu nyekundu, nikaupigia rula chini mara mbili ili hata asiye na miwani auone: BARABARA ITAFUNGWA.

Mtaa wetu ni barabara moja tu, nyembamba, inashuka kutoka kwenye tangi la maji mpaka barabara kubwa. Katikati ina kona. Juu ya kona kuna nyumba kumi na moja, chini ya kona nyumba kumi na tatu, na pale penyewe konani palikuwa na vyuma viwili vimesimama, kimoja kila upande wa njia. Watoto wadogo walivishika wakijifunza kutembea. Hawakujua vilikuwa vya nini.

Hivyo vyuma vilikuwa kazi ya baba. Baba ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda, chochote cha chuma. Miaka mitatu iliyopita magari yaligeuza mtaa wetu kuwa njia ya mkato, yanashuka mbio kukwepa foleni, na siku moja gari likamvunja mguu mtoto wa Kinyozi. Watu wa chini wakasema basi, imetosha. Wakakaa kikao, wao peke yao, wakamwomba baba atengeneze bomba la kufunga njia. Baba akatengeneza bomba refu, limepakwa rangi nyekundu na nyeupe, linalala juu ya vile vyuma viwili, na lina kufuli kubwa. Wakakubaliana ufunguo uwe mmoja tu, maana wakianza kupeana funguo kila mtu atamfungulia shemeji yake. Ukakaa mfukoni mwa baba. Mtu wa juu akitaka kushuka na gari, amtafute baba.

Watu wa juu walikasirika, hakuna aliyewauliza. Na madereva hawakuacha kuja. Walifika pale, wakapiga honi, wakatukana, wakarudi kinyumenyume. Nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukishapita kona, kwa hiyo matusi yote tuliyapokea sisi. Baba aliniambia, "Wakipiga honi, wewe usifungue mlango. Watachoka."

Shangazi yangu anakaa juu. Ni dada mkubwa wa baba. Mama yao alifariki baba akiwa na miaka sita, shangazi ndiye aliyemlea. Alimfulia, alimpeleka shule, alimchapa pale alipostahili kuchapwa. Hata baba alipokuwa na ndevu zake, shangazi akija kwetu alikuwa anakata mkate, anampa kile kipande cha mwisho, kigumu, kwa sababu baba anakipenda hicho tangu mtoto. Mama alikuwa anacheka: "Wifi, huyu mume ni wangu au wako?" Shangazi anamjibu, "Wako. Nimekuazima."

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Tulipishana miezi minne. Mtaa mzima ulimwita Redio, maana hakuwa na pa kuzimia. Yeye ndiye aliyenipa mimi jina la Sisimizi, likanishika. Mimi siwezi kuongea mbele za watu, sijui kwa nini, sauti inapanda mpaka hapa kooni halafu inakaa chini. Redio aliongea kwa niaba yetu wawili. Dukani: "Sisimizi anataka sabuni, na usimpe ile iliyolowa." Darasani: "Mwalimu, Sisimizi analo jibu, anaona aibu tu, ni arobaini na mbili." Nilikuwa namnong'oneza, yeye anatangaza.

Redio alikuwa na pumu.

Miaka miwili iliyopita, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, pumu ilimbana kuliko siku zote. Shangazi akampakia kwenye pikapu ya jirani yake, tunamwita Dereva, wakashuka mbio kwenda hospitali. Wakakuta bomba limefungwa. Baba alikuwa kazini mbali, juu ya paa, anachomelea, simu ameiacha kwenye begi chini. Watu wa chini walitoka na nyundo, na nondo, wakapambana na lile kufuli, halikuvunjika. Baba hanunui kufuli za mchezo. Mwisho Dereva akarudi kinyumenyume mpaka kwenye tangi, akazunguka njia ndefu. Hawakufika naye.

Msibani shangazi alisimama mbele ya watu wote akamwambia baba, "Pumzi ya mwanangu ilikuwa mfukoni mwako. Usiniite dada tena." Baba hakusema neno. Kesho yake asubuhi alilikata bomba vipande vipande, lakini vile vyuma vya pembeni alikuwa amevizika kwenye zege, akaviacha.

Basi mtaa ukawa mitaa miwili. Watu wa juu waliacha kununua chini, watu wa chini waliacha kuchota maji kwenye tangi, wakawa wanayafuata mbali. Harusi ya juu, chini hawaendi. Msiba wa chini, juu wanapita wakiangalia mbele. Na nyumbani kwetu baba akawa anakula mkate, akifika kile kipande cha mwisho anakiacha kwenye sahani. Mama alikuwa anakitupa.

Mtu wa chini aliyeingia kwa shangazi nilikuwa mimi peke yangu. Kila Jumamosi nilipanda na kitana changu, nikakaa kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yake, akanisuka. Zamani alitusuka wote wawili hivyo, mmoja anasukwa, mwingine anasubiri zamu yake na kulalamika. Sasa akinimaliza mimi, mikono yake ilikuwa inabaki hewani kidogo kabla hajaishusha.

*

Mwalimu amestaafu, lakini kawafundisha watu wote wa mtaa huu, wa juu na wa chini, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumjibu vibaya. Anakaa juu. Jumapili moja alishuka na mwavuli wake akabisha hodi nyumba baada ya nyumba. Alisema maneno yale yale kila mlango: tutafanya sherehe ya mtaa, tutakula barabarani, kila nyumba italeta meza yake na chakula chake. "Na sharti ni moja. Hakuna meza itakayokaa bila mgeni wa upande wa pili. Wa juu atakaribishwa kwa wa chini, wa chini kwa wa juu. Anayeogopa kutiliwa sumu asije."

Akaunda kamati: yeye mwenyewe, Dereva kwa upande wa juu, Kinyozi kwa upande wa chini. Katibu akanichagua mimi. "Mwandiko wake mzuri," alisema, "na tunajua hatapayuka."

Vikao vilikuwa sebuleni kwa Mwalimu, chini ya picha za madarasa yake yote, watoto wamepanga mstari, wengine sasa ni mababu. Kikao cha kwanza Kinyozi na Dereva walikaa mwisho na mwisho wa kochi moja, kama kochi lina moto katikati. Kinyozi hakuweza kuvumilia. Alikuwa anamwangalia Dereva kichwani.

"Samahani, Mwalimu, kabla hatujafungua. Huyu bwana kanyolewa na nani?"

"Hayo si ya ajenda," Mwalimu akasema.

"Nauliza tu kama jirani. Maana naona huku kuna ngazi, na huku kuna shimo."

"Nanyolewa mjini," Dereva akasema.

"Na huyo wa mjini mlikosana lini?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Dereva naye alijaribu kukaza uso, akashindwa, akajishika kisogo. Mimi niliandika kwenye daftari: *Kikao kilifunguliwa saa kumi.*

Tukapanga. Spika za muziki zitatoka kwa Dereva. Viti vya kunyolea vitatolewa nje, Kinyozi atanyoa wazee bure. Watoto wakimbie na magunia. Meza zote ishirini na nne zitapangwa mstari mmoja katikati ya barabara, kuanzia tangi mpaka chini, na barabara itafungwa kwa mapipa juu na chini kuanzia saa tatu mpaka jioni, watoto wasije wakagongwa. Tulikuwa wanne mle ndani. Kinyozi ni baba wa yule mtoto aliyevunjika mguu. Dereva ndiye aliyeendesha ile pikapu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesita. Tulikuwa tunabishana kuhusu mapipa, ya bluu au ya njano.

Nani akae meza ya nani, ilikuwa iamuliwe kwa kura. Nikaandika vikaratasi, nikavikunja. Nitakiri hapa kwamba niliiba. Cha shangazi sikukitia kwenye kofia. Nilikiandika *Meza ya Fundi*, nikakitia kwenye mfuko wa sketi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu kwenye sherehe yote ile. Nilitaka shangazi akae meza moja na baba, amkatie ule mkate.

Nilikitaka kwa sababu ambayo hakuna mtu aliyeijua.

Kufuli lile lilikuwa na funguo mbili. Walikubaliana mmoja, ndiyo, lakini baba ni fundi, na fundi hawezi kukaa na kufuli lisilo na ufunguo wa akiba, inamnyima raha. Wa pili aliutia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, pamoja na skrubu. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayemshikia ngazi. "Hii ni siri ya mimi na wewe," alisema.

Ile Jumanne nilikuwa nyumbani peke yangu, nafua soksi za shule. Honi ikapiga. Nikasema moyoni, watachoka. Ikapiga tena. Nilihesabu, kama ninavyohesabu vitu vyote. Ya tano nikasikia sauti ya shangazi. Alikuwa ananiita mimi. "Sisimizi! Sisimizi, baba yako yuko wapi?"

Nilijibu. Naapa nilijibu. Lakini nilijibu kwa hii sauti yangu.

Nikachungulia dirishani nikaona watu wengi, wanapiga kelele, wanasukumana, wameshika nondo. Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kopo, nikamwaga skrubu mezani, nikaupata ufunguo. Nikaenda mpaka mlangoni. Mkono mmoja ulikuwa na ufunguo, mwingine ulikuwa umeshika kitasa. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mlango na kupita katikati ya wale watu wote, wananiangalia. Na baba alisema nisifungue. Na ufunguo ulikuwa siri. Nikawa nasema, honi ijayo ndiyo nitatoka. Ikapiga ya nane. Nikasema ijayo. Ikapiga ya tisa.

Ya kumi haikupiga.

*

Jumamosi kabla ya sherehe nilipanda kwa shangazi na kitana, tangazo, na kile kikaratasi. Alikuwa ameshaambiwa na Mwalimu. Alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Nikakaa kwenye mkeka, akaanza kusuka upande wa kushoto. Vidole vyake vina joto, na akikaza anasema "pole" kila nywele, kama anaomba radhi kwa kila moja.

"Wanasema wewe ndiye katibu," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Redio angekufa kwa kicheko. Sisimizi kwenye kamati." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anataja jina lile huku anatabasamu, nililisikia tabasamu kwenye sauti yake. "Haya, nipe hilo tangazo. Na hiki ni nini?"

"Ndiyo meza yako."

Alikifungua kikaratasi. Nilisubiri anitupie. Hakunitupia, alikikunja tena akakitia kifuani, kwenye nguo, mahali anapoweka vitu asivyotaka vipotee. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto.

Halafu akafungua tangazo. Lilikuwa kubwa, likanifunika kichwa. Akalisoma. Nikasikia vidole vyake vimesimama kwenye nywele zangu.

"Nani kaandika hapa penye nyekundu?"

"Mimi."

"Itafungwa saa ngapi?"

"Saa tatu mpaka jioni."

"Na mtu akiugua?"

Hapo ndipo nilipoona. Vikao vinne, watu wanne, mapipa ya njano, na mimi na rula yangu. Nikageuka kumwangalia. Hakuwa na hasira. Ilikuwa afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa anauliza kabisa, anataka kujua: mtu akiugua, itakuwaje?

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Nilimwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kwenye soksi. Kopo, kiti, skrubu, kitasa. Nilimwambia nilimsikia ananiita. Nilimwambia honi zilikuwa tisa. Nililia lakini niliendelea kusema, na sauti ilitoka, ilitoka yote, sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo maishani mwangu.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza halikuwa juu yangu.

"Kulikuwa na ufunguo mwingine?"

"Ndiyo."

"Baba yako anajua kwamba uliushika?"

Nikataka kusema hajui. Lakini nikakumbuka jioni ile, baba anaingia ndani na nguo za kazi, na kopo liko mezani, limelala ubavu, skrubu zimetapakaa kitambaa chote. Nilikuwa nimelisahau. Alizikusanya moja moja. Alirudisha kopo juu ya kabati. Akaja akanifunika shuka, hakuniuliza kitu. Miaka miwili hakuniuliza kitu.

"Alilikuta kopo mezani," nikasema.

Shangazi alitoa sauti fulani, ndogo. "Kwa hiyo alijua. Nimemwita muuaji mbele ya watu, mbele ya kaburi, na alikuwa anajua, akanyamaza." Alikuwa anaongea na ukuta. "Mjinga huyu. Tangu mtoto ni mjinga. Alikuwa anachapwa kwa makosa ya wenzake."

Nikamshika goti. Alilitoa goti lake taratibu, kama mtu anayemwondoa paka mahali.

"Nenda nyumbani," akasema.

"Shangazi..."

"Sisimizi. Nimekwambia nenda nyumbani."

Nikashuka mtaa mzima nimesukwa upande mmoja, upande mwingine nywele zimesimama. Watu walikuwa wamekaa nje. Waliniona wote.

*

Baba alikuwa uani anapiga rangi dirisha la mtu. Aliniangalia kichwa, akaweka brashi chini.

"Umemwambia," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ulimwambia kwamba ni mimi niliyekukataza kufungua mlango?"

Nikatikisa kichwa. Sikuwa nimemwambia hilo. Katika maneno yote yale, hilo sikulisema.

"Ungeanza na hilo, mama," baba akasema. Alikuwa ananiita mama nilipokuwa mdogo. "Hilo ndilo ungeanza nalo." Akachukua brashi, akaiangalia, akairudisha chini tena, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona hivyo. Mama alitoka jikoni, akatuangalia mmoja mmoja, akakaa pale kwenye kizingiti, akanivuta akaanza kunifumua ule upande uliosukwa.

Kikao cha mwisho kilikuwa Jumatatu. Kabla Mwalimu hajafungua nilisimama.

"Barabara isifungwe," nikasema.

Kinyozi aliangalia nyuma kuona nani kaongea. "Kumbe anayo sauti!"

"Isifungwe," nikasema tena. "Meza zikae upande mmoja. Upande wa pili uachwe wazi, pikapu iweze kupita."

Nilisema pikapu. Sikusema gari. Dereva aliinamisha kichwa chake kile kibaya, akakaa hivyo. Kinyozi alifungua mdomo kufanya mzaha, akaufunga. Mwalimu akauliza kama kuna anayepinga. Nikaandika tangazo jipya. Kalamu nyekundu sikuigusa.

Baba ndiye aliyepima. Asubuhi ya sherehe alitoka na futi kamba na chaki, Dereva akaleta pikapu yake, wakapima upana wake bila kuongea sana, "shika hapo," "ongeza kidogo," wakachora mstari mweupe kuanzia tangi mpaka barabara kubwa. Halafu baba akaleta mashine ya kukatia chuma, akavaa miwani yake, akapiga magoti konani, akavikata vile vyuma viwili usawa wa zege. Cheche ziliruka mpaka mlangoni kwetu. Watu wa juu na wa chini walisimama kuangalia, na hakuna aliyepiga makofi.

Sherehe yenyewe, watu wa mtaani bado wanaisimulia. Ilifana. Meza zilikuwa za kila aina, ya mbao, ya plastiki, mlango uliolazwa juu ya ndoo, dawati la shule lenye majina yamechongwa. Wali, maharage, mkate, chai, ndizi. Kinyozi alimkalisha Dereva kwenye kiti mbele ya watu wote, akamfunga kitambaa shingoni, akatangaza kwenye spika, "Mabibi na mabwana, naanza ukarabati!" Watu walicheka juu na chini pamoja. Watoto walicheza karibu na mstari wa chaki, lakini upande wa pili hawakuingia. Hata wale waliolewa na muziki, mguu ukigusa chaki, waliruka wakarudi. Njia ile ilikaa tupu, nyeupe kwa jua, siku nzima.

Shangazi alikuja saa tisa alasiri.

Alishuka katikati ya ile njia tupu, peke yake, kikaratasi mkononi. Muziki ulizimwa, sijui na nani. Alipita konani, akasimama pale vyuma vilipokuwa, akaangalia chini, akavuka. Akafika mezani kwetu. Baba alisimama akaangusha kiti.

"Dada," akasema. Halafu akaogopa, nilimwona anaogopa, kwa sababu alikatazwa neno hilo.

"Kaa chini, mdogo wangu," shangazi akasema. "Umekonda. Hawakulishi?"

"Wifi, hapo ndipo unapoanza," mama akasema huku analia.

Shangazi akakaa. Akavuta mkate, akachukua kisu, akakata. Kile kipande cha mwisho, kigumu, akakiweka kwenye sahani ya baba. Baba alikila. Alikila polepole, machozi yanaingia mdomoni pamoja na mkate, na mkono wa shangazi ulikuwa juu ya kisogo chake, kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kunywa kwenye kikombe. Meza za jirani watu walianza kulia. Mwalimu alivua miwani. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikipata.

Kipande cha pili shangazi alimpa mama. Cha tatu akachukua yeye. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mkono ungenyooka ungemgusa. Sahani ya mkate ilipita mbele yangu ikaenda kwa jirani. Hakunisusia kwa kelele, hakunitazama vibaya. Hakunitazama kabisa. Mama alikuwa amenisuka, mistari imepinda, na nilikuwa nasubiri shangazi aone aseme, "Nani kakufanyia hivi?" Hakusema.

Sasa mtaa ni mmoja. Watu wanachota maji kwenye tangi. Dereva ana kichwa kizuri. Baba anapanda kwa dada yake kila jioni akitoka kazini, anarudi anaimba chini chini. Nilimwomba amwambie shangazi kuhusu mlango, kwamba nilikatazwa. Amesema alishamwambia. "Mpe muda," anasema. "Anajua wewe ni mtoto. Kichwa chake kinajua."

Jumamosi iliyopita nilichukua kitana nikapanda. Watu walikuwa nje, juu na chini, na sikujali. Nikasimama mlangoni kwa shangazi, nikabisha. Sikunong'ona. Nilisema kwa sauti ya Redio, hata waliokuwa wanachota maji kwenye tangi waligeuka: "Hodi, shangazi! Ni mimi!"

Nikabisha tena. Nilikuwa nahesabu.

Ya sita nikasikia kandambili zake. Zilikuja kwenye sakafu, taratibu, mpaka nyuma ya mlango, zikasimama. Nikaona kitasa kimeshuka kidogo, kama kimeshikwa na mkono. Nilijua yuko pale. Nilijua kabisa mtu anakuwaje akisimama pale.

Nikabisha ya saba, na ya nane, na ya tisa. Halafu nikakaa kizingitini na kitana changu, nikaendelea kubisha.